Nina milioni moja na nusu, ninunue sinthesaiza gani ya kupigia laivu?

"Dada shikamoo. Mi natengeneza biti za singeli na vitu vingine vya elektroniki kwa programu ya FL Studio, naishi Mbagala, laptopu yangu ni Core i5 ya mtumba RAM 8. Mpaka sasa nikiitwa kwenye shughuli naenda na flashi, dijei anaweka biti zangu, mi nasimama pembeni namwangalia MC. Desemba kuna jamaa wananipa jukwaa langu mwenyewe dakika 40 na wanataka nipige laivu. Nimejibana nimepata milioni moja na laki tano. Rafiki yangu anasema ninunue sinthesaiza ya analogi maana laptopu sio laivu na sauti ya plagini ni nyepesi. Mwingine anasema ninunue Volca tatu, zile mashine ndogo za Korg, niziunganishe. Nikiangalia video naona meza imejaa mashine na waya, nachanganyikiwa. Alafu naogopa umeme kukatika na laptopu kuganda katikati ya watu. Ninunue nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa nilivyokuelewa unaogopa vitu viwili kwa pamoja, kwamba watu watakuona umesimama na laptopu waseme huyu anaweka nyimbo tu, na kwamba hela uliyoihangaikia itaishia kwenye mashine ambayo siku ya shughuli haitakusaidia. Hofu zote mbili zina msingi, nimewaona vijana wengi wamekwama hapo hapo, wana mashine nzuri imelala kwenye boksi na bado wanapiga kwa flashi.

Jibu nikupe kabisa ndo tuendelee na maelezo. Kwa milioni moja na nusu usianze na sinthesaiza. Sinthesaiza unayo tayari, iko ndani ya hiyo laptopu, ndo hizo plagini, tena sio moja. Unachokosa ni kitu cha kushika, yani kontrola yenye nobu, pedi na slaida ambazo mkono wako unazifikia bila kutafuta mausi, na unachokosa kingine ni njia safi ya kuitoa sauti kwenye laptopu mpaka kwenye mikisa ya ukumbini. Hivyo viwili vinakula nusu ya hela yako, hiyo nusu nyingine tutaijadili.

Sasa hii habari ya analogi, maana naona imekusumbua. Sinthesaiza yoyote, iwe ya analogi au ya dijitali, inafanya kazi kwa hatua zile zile. Kuna osileta, hiyo ndo inatetemesha na kutoa mlio mbichi wenye makali mengi. Mlio unapita kwenye filta, filta inakata yale makali, ukiifunga sauti inakuwa nzito na ya ndani, ukiifungua inang'aa. Alafu kuna envelopu, ambayo inaamua sauti iingie kwa ghafla au polepole, ibaki au ife haraka. Kwenye analogi umeme wenyewe ndo unapanda na kushuka ndani ya saketi. Kwenye plagini ni hesabu zinapigwa mara 44,100 kila sekunde, mwisho wa siku zote zinafika kwenye spika kama umeme. Zipo tofauti za sauti kati ya hizo mbili, sikatai, ukikaa studio na spika nzuri utazisikia. Ila kwenye uwanja wa shughuli, spika zimepangwa juu ya meza, watu mia tatu wanapiga kelele na MC anachana, hakuna atakayejua osileta yako ni ya aina gani.

Kinachofanya plagini zisikike nyepesi mara nyingi ni kitu kingine kabisa na kinarekebishika bure. Sauti nyingi zinazokuja na plagini zimetengenezwa ziwe pana, kushoto tofauti na kulia, ukisikiliza na hedifoni unasema duh hii nzito. Ukumbini fundi mitambo anaunganisha kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja, mono, na zile tofauti zilizokuwa zinaleta upana zinaanza kufutana zenyewe, besi inapungua mwili, mlio unabaki kama kopo. Leo usiku fungua biti yako moja, geuza Master yote iwe mono, sikiliza nini kimepotea. Kilichopotea hapo ndicho kilichokuwa kinapotea kwenye shughuli zako zote. Besi na kiki ziweke katikati kabisa bila upana wowote, riveb, yani mwangwi, ipunguze, utashangaa plagini ile ile imenenepa.

Alafu ngoja nikupe historia kidogo maana inakuhusu moja kwa moja. Mwaka 1981 kampuni ya Roland walitoa kisanduku kidogo cha besi, TB-303, walikusudia mpiga gitaa akitumie badala ya mtu wa besi. Hakikuuzika vizuri, 1984 wakaacha kukitengeneza, vikawa vinauzwa mtumba kwa bei ya chini. Vijana wa Chicago, kundi la Phuture, wakakipata, na walichofanya ni kuacha mashine ijirudie noti zile zile huku wao wanazungusha nobu za filta mpaka mlio ukawa unalia kama unatafuna, na hapo ndo ukazaliwa muziki wa asidi hausi. Noti hazikubadilika, mkono ndo ulikuwa unabadilisha. Na hapa kwetu wewe unajua kuliko mimi, singeli iliyotoka Dar mpaka Kampala, lebo ya Nyege Nyege Tapes wakaitoa kwa dunia nzima kuanzia 2017, ilitengenezwa kwenye kompyuta za kawaida. Hakuna aliyeisikia akasema ngoja kwanza, hii imetoka kwenye plagini.

Kwahiyo laivu maana yake nini. Kwangu mimi laivu ni pale ambapo kitu unachokisikia kingekuwa tofauti kama wewe ungekuwa umefanya kitu tofauti sekunde hiyo. Chukua mfano huu. Biti inakwenda 220, yani midundo 220 kwa dakika, MC ameanza kuchana, unamwona anavuta pumzi na watu wamesogea mbele. Unashika nobu ya filta ya kiki unaifunga taratibu kwa ba nne, yani midundo kumi na sita, kiki inazama, inabaki ile lupu ya kinanda inazunguka peke yake kwa mbali, MC anaelewa anaanza kuuliza watu swali, watu wanajibu, unaichelewesha ba mbili zaidi ya walivyozoea, alafu unafungua filta na kiki inarudi pamoja na sneya ya pili ambayo ulikuwa umeizima tangu mwanzo. Hiyo yote ni nobu moja na pedi mbili. Mtu akikuangalia mkono anaona ulichofanya na sikio linathibitisha. Flashi haiwezi kumsubiri MC.

Ili uweze kufanya hivyo, biti zako lazima uzivunje. Biti iliyokwisha kuwa faili moja haina cha kushika. Fungua kila projekti, toa kiki peke yake, sneya na vitu vya mdundo peke yake, besi peke yake, melodi, sampuli za sauti, na zile kelele za kupandisha mzuka. Traki sita au saba zinatosha, zaidi ya hapo mikono haitoshi. FL Studio ina hali ya Performance tangu toleo la 11, unapanga klipu kwenye Playlist, kila pedi ya kontrola inawasha au kuzima klipu, na programu inasubiri mwanzo wa ba ndo iiwashe kwahiyo hata ukibonyeza mapema kidogo haiharibiki. Wengine wanahamia Ableton Live kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya jukwaa tangu mwanzo, na kontrola nyingi zinakuja na toleo dogo la Live ndani ya bei. Mi ningekushauri ubaki FL kwa hiyo shughuli ya Desemba maana unaijua, kujifunza programu mpya na kujifunza kupiga laivu kwa wakati mmoja ni mzigo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo kwa singeli ni kubwa kuliko kwa muziki mwingine wowote, ni kuchelewa kwa sauti. Ukibonyeza pedi, laptopu haitoi sauti papo hapo, inajaza kwanza kibakuli kidogo cha data kinaitwa bafa alafu ndo inamwaga. Bafa ikiwa 1024, kwa 44,100 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 23, na bado hujahesabu ucheleweshaji mwingine mdogo mdogo njiani. Kwenye biti ya 120 noti ya kumi na sita, yani robo ya dundo, ina urefu wa milisekunde 125, hiyo 23 unaweza kuivumilia. Kwenye 220 noti ile ile ina milisekunde 68 tu. Yani sauti yako inatoka imechelewa theluthi nzima ya noti, unahisi unapiga nje ya biti na kumbe mkono wako uko sawa. Ukishusha bafa mpaka 256 inakuwa kama milisekunde 6 na mkono unaanza kuelewana na sikio. Ila bafa ikiwa ndogo prosesa inahangaika zaidi, isipowahi kujaza ndo zile sauti za kukwaruza na kukatika, na hapo ndo mtu anasema laptopu imeganda.

Ndiyo maana nakwambia nunua saundi kadi, kile kisanduku cha nje cha USB cha kutolea sauti. Hata ile ndogo kama Behringer UMC22 inakuja na tundu za jeki za kweli, na ukiiwekea drava ya bure ya ASIO4ALL inaweza kufanya kazi na bafa ndogo kuliko kile kitundu cha hedifoni cha laptopu. Focusrite Scarlett 2i2 ni nzuri zaidi ila bei yake iko juu sana, kwa bajeti yako ningeiacha. Na kuhusu kuganda, ile Core i5 yenye RAM 8 inatosha kabisa kama utaacha kuendesha plagini ishirini kwa wakati mmoja. Kila sauti ambayo hutaigusa jukwaani igeuze kuwa WAV, bakiza plagini moja au mbili tu zinazopigwa kwa mkono. Zima wifi, zima apdeti, iweke kwenye mpangilio wa nguvu zote, inyanyue kidogo kutoka mezani ipate hewa maana joto letu la Desemba nalo ni adui. Kama bado ina hadidiski ya kuzunguka weka SSD, spika za besi zinatikisa meza na diski ya kuzunguka haipendi kutikiswa. Alafu spika au hedifoni za bluetooth usiziguse siku hiyo, zinachelewesha sauti mno.

Kitu kingine watu wanasahau, sauti yenyewe inatembea hewani kama mita 340 kwa sekunde. Spika kubwa zikiwa mita kumi kutoka ulipo, unasikia imechelewa karibu milisekunde 30 hata kama laptopu yako iko safi kabisa. Omba spika ya kujisikilizia karibu yako, ikikosekana vaa hedifoni ya waya sikio moja.

Turudi kwa huyo rafiki wa Volca tatu. Volca mi nazipenda, za kwanza Korg walizitoa 2013 na zilifungulia watu wengi mlango. Ila tatu kwa pamoja ni mtego kwa mtu anayeanza. Kila moja inatoa sauti kwa kitundu kidogo kama cha simu, kwahiyo unahitaji mikisa ndogo na waya wa kubadilisha kwa kila mashine. Kila moja inataka betri sita za AA au adapta yake. Ziko na waya wa kusawazisha tempo kati yao na hapo zinaelewana vizuri, lakini nyingi zina MIDI ya kuingilia tu, hazitoi, kwahiyo moja haiwezi kuwa bosi wa mashine za aina nyingine. Na ukiziweka chini ya laptopu, laptopu ndo inakuwa bosi. MIDI haibebi sauti, wengi wanakosea hapa, wananunua waya wa MIDI alafu wanashangaa spika ziko kimya. MIDI inabeba maelekezo tu, noti hii, nguvu hii, nobu hii imefika hapa, na mapigo 24 ya kutunza tempo kwa kila dundo moja. Kwa 220 hayo ni mapigo 88 kila sekunde. Laptopu ikichelewesha machache, mashine inayumba na wewe kwenye singeli utaisikia inayumba. Sio kwamba haiwezekani, ila ni tatizo ambalo hulihitaji Desemba hii.

Kwahiyo hesabu yangu iko hivi, nakadiria dola moja kwa shilingi 2,500 na bei hizi ni za kukisia, ukifika dukani zitasogea. Kontrola yenye pedi na nobu nane, aina ya Akai MPK Mini au Novation Launchkey ndogo, nje inauzwa kama dola 100 mpaka 120, tenga laki tatu na nusu. Saundi kadi ndogo, laki mbili. DI boksi mbili za kawaida (kazi yake nitakueleza mbele), waya za jeki mbili pamoja na za akiba mbili, ekstensheni nzuri na gundi ya kitambaa ya kubana waya chini, tenga laki mbili nyingine. SSD kama huna, laki moja na ushee. Hapo umefika kama laki tisa na una seti kamili ambayo inapiga. Laki sita inayobaki usiinunulie kitu sasa hivi. Piga shughuli mbili au tatu, utajua mwenyewe mkono wako unatafuta nini na haukipati, hicho ndo ukanunue. Ukiona unataka kugonga sampuli, kuna Volca Sample2, traki kumi za sampuli ndani ya kitu kinachoingia kwenye begi la shule. Ukiona unataka besi ya kuzungusha, Behringer TD-3 ni nakala ya ile ile 303 niliyokusimulia na haina gharama kubwa. Roland S-1 nayo ni ndogo, ina betri ya kuchaji na inapiga noti nne kwa pamoja.

Nisikufiche, ipo njia nyingine ya heshima, nayo ni kuiacha laptopu nyumbani na kununua mashine moja inayofanya yote. Novation Circuit Tracks ya 2021 ina sinthesaiza mbili ndani, traki nne za dramu, inatoa sauti kwa jeki kubwa mbili za kawaida, ina betri ya ndani inayokaa kama saa nne. Umeme ukikatika inaendelea tu. Nje iko kama dola 400, ongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya vyote hivyo, inakula bajeti yako karibu yote. Na kuna kikwazo cha singeli, tempo yake inaishia 240. Mashine nyingi za aina hii zinaishia kati ya hapo na 300, maana waliozitengeneza hawakuwaza vigodoro. Kuna ujanja, unaweka tempo 130 na patani unaiambia ikimbie mara mbili, sikio linasikia 260, ila ifekti zinazofuata tempo zitahesabu 130 na inabidi uzizoee. Kama roho yako haitaki kabisa kuiona laptopu jukwaani, hii ni njia sahihi, ila anza kuijifunza sasa hivi, usingoje Novemba, kwa sababu utalazimika kuzijenga biti zako upya ndani yake.

Na kabla hujanunua kontrola yoyote, ulizia nyumbani, kanisani, kwa mjomba, kuna kinanda cha Yamaha PSR hapo? Nyuma yake mara nyingi kuna tundu la USB lililoandikwa To Host. Waya wa printa wa elfu tano unakifanya kinanda hicho kiwe kibodi ya FL yako. Hakina pedi, lakini kwa mazoezi ya melodi kinakutosha miezi hii yote.

Umeme sasa. Laptopu ina betri kwahiyo ukikatika yenyewe inabaki, saundi kadi inayokula USB nayo inabaki, kontrola nayo. Hiyo ni faida kubwa ya seti niliyokushauri na watu hawaisemi. Mashine zinazotegemea ukuta zinazimika, na patani uliyokuwa hujaisevu inaondoka. Ukifika siku ya kununua mashine za adapta, angalia vitu vitatu kwenye kibandiko: volti, ampia, na kale kamchoro ka duara kenye alama ya kujumlisha na kutoa. Adapta ya Korg ya Volca ni volti 9 na katikati ya pini ni chanya. Adapta nyingi za Roland nazo ni volti 9, lakini katikati ni hasi. Mimi niliwahi kuazima adapta kwenye sherehe moja Kigamboni, taa hafifu, tumechelewa, nikasoma volti 9 nikaridhika, nikachomeka. Kulikuwa na harufu kidogo ya plastiki, basi. Mashine ile haikuwaka tena na ilikuwa ya mtu. Tangu siku hiyo kila adapta yangu nimeifunga kitambaa cha rangi moja na mashine yake. Fanya hivyo hivyo. Na kitu kilichotoka Marekani kihakikishe kimeandikwa 100 mpaka 240, kikiwa 120 peke yake ukuta wetu wa 230 utakiua.

Zile DI boksi mbili nilizokutajia wengi wanaziruka kwa sababu hazitoi mlio wowote. Waya wa jeki wa kawaida ukizidi mita tano sita unaanza kuokota kelele kama antena, na laptopu ikiwa kwenye chaja huku mikisa iko kwenye soketi nyingine unapata ule mngurumo mzito unaovuma chini ya muziki. DI inapokea sauti yako, inaitenganisha na umeme wa mikisa, inaituma kwa waya wa pini tatu ambao unafuta kelele za njiani. Fundi mitambo akiona umekuja na DI zako anakuheshimu kabla hujapiga noti hata moja. Kuna mafundi wanatibu ule mngurumo kwa kuvunja ule mguu mrefu wa plagi, mguu wa ardhi. Usikubali, hata kama mngurumo unaisha kweli. Mguu ule ndo unaokimbiza umeme ukivuja, usipokuwepo umeme unapita kwako au kwa MC aliyeshika maiki ya chuma.

Hapo ndo penye mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia. Ukigusa maiki au boksi la mashine ukahisi kashoti hata kadogo, toka jukwaani na mwite fundi umeme aangalie waya za ukumbi, usipige mpaka amalize. Ukienda kununua cha mtumba nenda na mtu anayejua, wekeni hedifoni, zungusha kila nobu taratibu usikie kama inakwaruza, bonyeza kila pedi kwa nguvu na kwa ulaini, sikiliza kushoto na kulia, zima uwashe mara tatu. Muuzaji akikwambia adapta imepotea, mwambie utarudi akiipata. Na masikio yako, ukitoka kwenye shughuli yakabaki yanapiga filimbi mpaka kesho yake, nenda hospitali kwa daktari wa masikio usisubiri, na siku ya pili vaa viziba masikio, hivyo ndo vyombo ambavyo huwezi kuvinunua upya.

Mwisho ile hofu ya kuganda, ichukulie kwa uzito na uiwekee mpango. Tengeneza mikisi moja ya dakika kumi ya biti zako, iweke kwenye simu, simu iweke hali ya ndege, na uombe chaneli ya pili kwenye mikisa ikiwa na waya wa simu tayari umechomekwa. Laptopu ikigoma unabonyeza pleii, MC anaendelea kuchana, wewe unawasha upya taratibu bila mtu kujua. Mwambie MC mapema kuna ishara fulani ya mkono ukiifanya ajaze nafasi. Mi nimeitumia mara mbili miaka yote hii na mara zote mbili watu waliendelea kucheza.

Kwa sasa hivi kabla hujatoa hata shilingi, vunja biti tatu ziwe traki, washa Performance, tumia vitufe vya kibodi ya laptopu kama pedi, piga dakika kumi mfululizo bila kusimama na ujirekodi. Weka bafa 256 alafu niandikie ilikwaruza sehemu gani na mkono wako ulikuwa unatafuta nini, tutaanzia hapo kuchagua kontrola.